Mafuta ya Kukandia Miundi

Jua lilikuwa linazama Mama alipomtuma tena Kisiki mafuta ya kukandia. Muuza duka akaitazama ile chupa, akamtazama Kisiki, akaangua kicheko.

"Nyumbani kwenu mnayanywa haya? Juzi tu nimekupa!"

Kisiki naye akacheka, kicheko cha kuazima. Muuza duka alikuwa na haki ya kushangaa. Mafuta ya kukandia ni ya mtu anayeumwa, na pale kwao hakuna aliyekuwa anaumwa.

Kisiki si jina lake, jamani. Ni utani wa marehemu kaka yake. Walijifunza mateke pamoja, kwenye ule ukumbi wa mabati nyuma ya gereji. Na anayetaka kupiga teke sharti akomaze muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu unaomliza hata mtu mzima akijigonga kitandani. Unapiga gunia taratibu, unapumzika, unakandwa, kesho unarudi. Kocha alikuwa na wimbo wake mmoja: "Mfupa haukomazwi kwa hasira! Ukiuma, usikilize." Kisiki sikio la kufa, kila mara alizidisha. Basi kaka yake anachuchumaa, anamkanda, anamwambia, "Polepole, Kisiki. Hayo maumivu nipe mimi."

Kisha homa ikamchukua kaka. Ilikuja kama mchezo, ikaondoka naye. Hata Mama hakuwahi kumaliza kumwombea.

Mama alitaka nguo zake zigawiwe. Kisiki akashindwa. Akutane njiani na mtu baki kavaa suruali ya kaka yake? Thubutu! Na siku zile gunia la ukumbini lilikuwa limelegea, kocha anaomba matambara ya kulijazia. Kisiki akazibeba nguo zote alizozikuta kabatini, akazishindilia humo ndani, akaushona mdomo wa gunia kwa uzi wa viatu. Hakumwambia mtu. Afadhali kaka awe mahali anapomwona kila siku.

Tangu hapo, akilipiga lile gunia, haumii. Alilipiga kwa hasira yote ya msiba, akimlilia kaka na kumgombeza kwa kumwacha, na miundi yake haikuvimba wala kupata alama. Kocha hakufurahi hata kidogo.

"Asiyeumia huvunjika bila kujua," alisema. "Mimi siipendi hali hii."

Sasa Kisiki akaingia chumbani na chupa mpya. Mama alikuwa amekaa kitandani, viganja vyake vinang'aa mafuta.

"Mama, haya mafuta unamkanda nani?"

Mama akapangusa viganja kwenye kanga.

"Usidhani nimerukwa na akili, mwanangu."

"Sidhani, Mama. Niambie."

"Kaka yako huja." Sauti ya Mama ikashuka. "Alfajiri. Anakaa hapo, miguuni pangu. Ananiambia, Mama, nikande miundi, inaniuma. Nikimshika, mfupa wote nyufa tupu... Nani anampiga mwanangu huko aliko?"

Kisiki akalikumbuka gunia, na nguo alizozishindilia humo. Alichukua kisu cha jikoni na ufunguo wa ukumbi, akatoka mbio.

Ukumbini giza lilikuwa linaingia. Mabati yalikuwa yanalia yakipoa. Gunia linaning'inia mahali pake. Na ile harufu... mafuta ya kukandia. Kali, kana kwamba mtu amejipaka sasa hivi.

Du.

Hakuwa ameligusa.

Du... du...

Gunia lilikuwa linatetemeka, kama mgonjwa wa homa chini ya blanketi.

"Kaka?" akanong'ona.

"...Polepole, Kisiki."

Akalikumbatia. Lilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu. Alilia mpaka shati likalowa. Akiukata ule uzi, anamzika kaka yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Asipoukata, kesho atapiga tena, maana anajijua. Alisimama pale mpaka hakuona tena vidole vyake.

Akakata.

Nguo zikatoka moja moja, mbichi kwa jasho. Ya mwisho ilikuwa suruali ya mazoezi. Mbele ya miguu yote miwili, chini ya magoti, kitambaa kilikuwa kimelika, kimegandamana na kitu cheusi. Hakuhitaji kuambiwa ni damu.

Ndipo maumivu yakaja.

Yote. Kila teke alilopiga tangu msiba lilimrudia miguuni kwa mpigo mmoja. Akaanguka sakafuni, akapiga ukelele hata mbwa wa gereji wakanyamaza. Na katikati ya ukelele ule alishukuru, kwa sababu kaka ameyaachia.

Alifika kwao akijikokota ukutani. Mama alimlaza, akamimina mafuta, akaanza kumkanda.

"Atapumzika sasa, Mama. Nguo zake nilizijaza kwenye gunia, ndizo nilikuwa nazipiga. Nisamehe. Nimezitoa zote. Kesho tuzigawe."

Mikono ya Mama ikasimama.

"Zote?"

"Zote."

Mkono mmoja wa Mama ulikwenda chini ya mto, ukapapasa, ukarudi. Kisiki aliiona kola ikichungulia. Lilikuwa shati la kaka, alilovaa siku aliyokufa.

"Mama..."

"Hilo usiniombe."

Kisiki amlaumu kwa mdomo gani? Akajikokota mpaka chumbani kwake.

Hakupata usingizi, miundi inamwaka moto. Alfajiri, kupitia ukutani, akasikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa.

"Wapi leo, mwanangu?" Mama aliuliza taratibu.

Ikajibu ile sauti ya kaka, imechoka.

"Hapaumi tena, Mama. Niachie niende."

"Nyoosha mguu," Mama akasema. "Nyoosha, nikukande."