Nguo za Kaki za Mzee Mukhwana

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyaguthii alipeleka maziwa kwa majirani watatu wa mtaa wao mjini Kitale. Kazi hiyo ya robo saa yeye ilimchukua nusu saa nzima, kwa sababu hakuweza kupita mlangoni kwa mtu bila kuuliza swali. Kile kisima kilichimbwa na nani? Kwa nini ndama huyu amefungwa peke yake? Majibu aliyaandika katika daftari dogo alilolibeba kwenye mfuko wa sweta. Baba yake, Kiarie, alizoea kusema kwamba binti huyo angemhoji hata kuku kabla ya kumla.

Ajabu ni kwamba siku alipohitaji kuuliza kuliko siku zote, hakuuliza.

Ilikuwa mwaka wa 2004, naye alikuwa darasa la saba. Mwalimu Eliakim, aliyewafundisha Kiingereza, aliwataka waandike insha kuhusu kiongozi wanayemheshimu. Insha bora ingebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kiongozi huyo angealikwa siku ya kutoa zawadi. Nyaguthii alimfikiria babu yake Wilkista, rafiki yake wa dawati moja. Wilkista hakuishiwa na habari za mzee huyo, Mukhwana wa Kabuchai, aliyeongoza ukoo wao na kusuluhisha magomvi ya watu wazima. Kwa Kiingereza angeitwaje? Nyaguthii alifungua kamusi ya shule, akakuta kwamba kiongozi wa kabila au wa ukoo ni "chief". Basi akaandika kwamba Mukhwana ni chifu.

Kama angeishia hapo, pengine mambo yasingeharibika sana. Lakini insha ilitakiwa kuwa kurasa mbili, naye alikuwa na nusu ukurasa tu. Hakuwahi kumwona Mukhwana hata siku moja. Chifu aliyemjua ni yule wa serikali katika mtaa wao, kwa hiyo alimvua nguo zake zote akamvika Mukhwana: suti ya kaki, kofia yenye nembo, kifimbo, na askari wawili wa kumfuata nyuma. Mwalimu Eliakim alipomwuliza kama yote hayo ni kweli, aliitikia upesi huku akitazama viatu vyake.

Insha yake ikawa ya kwanza. Wilkista aliisoma pale ubaoni akakunja uso. "Kuka hana kofia kama hii," alisema. Kuka ndiyo babu kwa lugha yao, na Nyaguthii, ambaye kwao babu huitwa guka, siku zote alilipenda neno hilo. Siku hiyo hakulifurahia. Alijibu kwamba hayo ni mapambo tu ya insha, akabadilisha mazungumzo.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Wilkista alifika shuleni macho yakiwa mekundu. Barua ya mwaliko kutoka shuleni iliandikwa juu yake "Chifu Mukhwana, Kabuchai". Watu wa posta hawakuumiza kichwa. Barua ya chifu huenda kwa chifu. Chifu wa lokesheni yao, yaani eneo lao la utawala, Bwana Makokha, aliifungua akakuta nakala ya insha ndani, kofia na askari wote wakiwemo. Sasa alitaka kujua ni nani aliyejifanya chifu katika lokesheni yake. Mukhwana alitakiwa kufika ofisini Jumamosi.

Na hilo halikuwa yote. Kwa desturi ya ukoo wao, Wilkista alieleza, omukasa, yaani kiongozi wa ukoo, akiwa na jambo lake ambalo halijaamuliwa, haketi kuamua ya wengine. Ndugu wawili walikuwa wakigombania mpaka wa shamba. Mvua zilikuwa zimeanza, mahindi yao hayajapandwa, nao walikuwa wakimsubiri Mukhwana. Mzee alikuwa amejifungia nyumbani.

"Watu wanasema ati uzee umemfanya atafute ukubwa," Wilkista alisema. "Kuka hajawahi kusemwa hivyo."

Nyaguthii aliona haya sana. Jioni aliwaeleza wazazi wake kila kitu. Alitarajia kugombezwa, lakini baba yake alimwuliza swali moja tu: atafanya nini? Nyaguthii alisema ataenda Kabuchai kusema ukweli mwenyewe. Jumamosi Phelista, mama yake Wilkista, angekuwa akienda soko la Kamukuywa kununua maharagwe, naye alikubali kuwafikisha wasichana hao wawili kwanza kwa Chifu Makokha.

Nje ya ofisi watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, maana habari ya machifu wawili ilikuwa imeenea. Chifu Makokha aliketi nyuma ya meza, kofia yake ikiwa kando ya muhuri. Mbele yake alisimama mzee mrefu mwenye koti kuukuu na viatu vya mpira, na mkononi bangili moja ya shaba. Nyaguthii alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amepatia chochote katika kurasa zile mbili, isipokuwa jina.

Chifu alikuwa ameanza kuuliza maswali Nyaguthii alipojitokeza mbele. Aliamkia kwanza, kama alivyozoea kila asubuhi milangoni kwa watu.

"Mzee Mukhwana hakujiita chifu," alisema. "Ni mimi niliyemwita hivyo. Na hizo nguo za kaki, nilizitoa kwa chifu wetu wa Kitale."

"Na wale askari wawili?" Chifu Makokha aliuliza.

"Hao pia ni wa Kitale."

Watu waliangua kicheko, na chifu mwenyewe akashindwa kujizuia. Alipotulia alimwita Nyaguthii karibu na meza. Alimwambia kwamba yeye aliandika barua ya kuomba kazi, akahojiwa na wakubwa, kisha serikali ikamwajiri. Kila mwezi hupokea mshahara, na siku atakayostaafu, kofia na muhuri atavirudisha. Nyaguthii, bila kujijua, alikuwa tayari ametoa daftari.

"Na Kuka, ni nani aliyemwajiri?" aliuliza.

"Hakuna," Mukhwana alijibu mwenyewe, kwa upole. "Watu waliona nikiwapatanisha majirani, wakaja tena. Wakichoka nami, hawatakuja. Mimi sina barua, mjukuu wangu. Nina jina tu."

Nyaguthii aliposikia hivyo alilia. Sasa alielewa alichokuwa amekichezea. Aliomba msamaha mbele ya watu wote, na mzee akamshika mkono.

Chifu Makokha alisimama. Aliwaambia waliokuwepo kwamba jambo limekwisha, na kwamba mzee hana kosa lolote. Kisha akaongeza kitu ambacho Nyaguthii alikiandika neno kwa neno: "Mimi na ndugu zangu tulipogombania shamba la marehemu baba, tuliketi mbele ya mzee huyu. Siku hiyo kofia yangu niliiacha nyumbani."

Mchana huohuo Mukhwana aliketi kwenye shamba la wale ndugu wawili. Nyaguthii na Wilkista walikaa nyuma kabisa, juu ya nyasi. Kila mtu alizungumza, hata shangazi mmoja aliyerudia jambo lilelile mara tatu, na mzee hakumkatiza yeyote. Alizungumza mwisho, kwa sauti ndogo, na watu wakasogea karibu ili wamsikie. Kabla ya jua kutua ndugu hao walikuwa wakipanda miche ya mpaka pamoja, mmoja akichimba, mwingine akishikilia.

Jumatatu Nyaguthii aliibandua insha ya zamani ubaoni, akampelekea Mwalimu Eliakim insha mpya. Alikiri kwamba alikuwa amemdanganya. Insha mpya haikuwa na kofia wala kifimbo, na haikupewa zawadi, kwa sababu zawadi ilikwenda kwa mwanafunzi wa pili. Iliuma, lakini aliona ni haki. Hata hivyo mwalimu mkuu aliandika mwaliko mwingine, safari hii kwa "Mzee Mukhwana, kiongozi wa ukoo", na mzee akaja na koti lake lilelile.

Siku hiyo Mwalimu Eliakim alimwomba Nyaguthii aisome insha yake mpya mbele ya wazazi. Alipomaliza, mwalimu aliwageukia wanafunzi.

"Kamusi itakupa neno, lakini haiwezi kukujulisha mtu," alisema. "Ukitaka kumwita mtu kwa cheo, nenda ukaulize kwao anaitwaje na anafanya kazi gani. Na usilolijua, liulize au uliache. Ukilijaza kwa uongo, anayelipia ni mwenzako."

Baada ya sherehe Mukhwana alimkuta Nyaguthii langoni. Alimwuliza kama kwao pia, kabla ya serikali, kulikuwa na mtu wa kuwapatanisha watu, naye aliitwaje. Nyaguthii angeweza kubuni jibu zuri sana.

"Sijui, Kuka," alisema. "Leo jioni nitamwuliza guka."