Mashimo Mengi, Kamba Wachache

Wakati wa vita, Kanze aliishi Mtongwe na mumewe Baya. Maji yakipwa, alishuka matopeni na jembe kuchimba kamba wa chambo. Kamba hao huishi ndani ya mashimo, chini ya tope. Baya aliwatia kwenye ndoana, akavua; wengine Kanze aliwauzia wavuvi. Bila chambo, watoto walilala njaa.

Mwaka ule kamba walipungua. Kanze alichimba mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akapata sita tu.

"Wamo, wamejificha," alisema. "Tazama mashimo yalivyojaa!"

Jirani yao Elkana, mfanyakazi wa idara ya samaki, akatikisa kichwa. "Bi Kanze, usihesabu mashimo ukadhani ni kamba. Kamba mmoja ana milango miwili, pengine zaidi. Tena shimo linaweza kubaki wazi naye hayumo."

"Nachimba hapa tangu sijaolewa. Utanifunza nini wewe?"

"Basi tujaribu. Tuyazibe kwa miguu. Kamba aliye hai atafungua mlango wake."

Wakaziba mashimo arubaini. Kesho yake yalikuwa yamefunguka manne tu. Kanze aliingiwa na hofu kwelikweli.

"Wamekwenda wapi?"

"Kikapuni mwako. Hasa wale wenye mayai tumboni, unaowachagulia wavuvi. Watoto wao huelea majini, kisha hurudi kuchimba topeni. Ukimtoa mama, watoto nao umewatoa."

Kanze hakukaa kulia. Alichomeka vijiti, akagawa matope pande mbili: huku kuchimbwe, kule kupumzike mwaka mzima. Kila mwenye mayai alimrudisha na kufukia alipochimba. Akazunguka nyumba za wachimbaji wenzake mpaka wakakubali. Chambo kikawa haba. Baya alinung'unika, Kanze asirudi nyuma.

Mvuvi Ghanim ndiye aliyewaka zaidi. "Samaki wanapenda wenye mayai! Wallahi, nitanunua kwingine."

"Nunua. Hawa sikuuzii."

Mwaka ulipotimia, upande uliopumzika ulijaza kikapu asubuhi moja. Baya akarudi na samaki, changu wa kula na wa kuuza. Kanze akahamishia vijiti upande wa pili, nao upumzike.

Siku moja kijana Obeid akaingia humo na jembe. Kabla Kanze hajafungua mdomo, sauti ya Ghanim ikanguruma:

"We! Huko hakuchimbwi! Kamba wakiisha, utavua kwa mate?"