Jani la Muhogo la Shambani Kwetu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko tunakuwa na kipindi cha sanaa. Ijumaa ile Mwalimu Ghati, aliyehamia kijijini kwetu Busunzu kutoka Mara, alitaka kila mmoja aje na mswaki wa zamani na jani la shambani kwao.

"Laza jani juu ya karatasi, libane kwa pini. Chovya mswaki kwenye rangi, ukung'ute, halafu pitisha kidole gumba kwenye nywele zake," alisema. Rangi ikaruka matone madogo madogo. Alipoinua jani, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya rangi. Darasa zima tukashangilia.

Jani langu la muhogo lilikuwa limejikunja na kusinyaa. Nickson alicheka mpaka akashika mbavu.

"Elieth, hilo ni jani au ukucha wa kuku?"

"Kama hulipendi, usilitazame!"

Mwalimu alikuja. "Elieth, Jumatatu wazazi wana kikao hapa, na picha hizi zitakuwa ukutani. Chukua jani zuri kwa Nickson."

"Samahani, Mwalimu, sichukui. Ulisema jani la shambani kwetu. Kwetu yote yako hivi."

Mwalimu Ghati hapendi ubishi, lakini alikubali. "Haya. Wakiuliza, utajibu mwenyewe."

"Nitajibu."

Nilikuwa na hasira. Mwaka mzima hatukuvuna muhogo wa maana. Mbegu zile mama alipewa bure na jirani yetu, Mzee Melkiadi, na kwetu mtu akikupa mbegu, huthubutu kumwambia ni mbaya. Basi mama akanyamaza.

Jumatatu Mzee Melkiadi alifika kikaoni na mafungu matatu ya miti ya muhogo, awagawie wazazi wengine kabla ya mvua. Akasimama mbele ya picha yangu.

"Nani kaharibu jani hivi?"

"Shikamoo, babu. Hakuna aliyeliharibu. Ni muhogo wa mbegu zako."

Mama alinivuta mkono. "We Elieth! Koma!"

"Sikomi, mama! Akigawa na hizi, kijiji kizima kitakula nini?"

Mwalimu Ghati akaisogelea picha, akaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hii ni batobato," alisema. "Ugonjwa huu unahama na miti ya mbegu."

"Hata kwangu majani yako hivi," Mzee Melkiadi alisema taratibu. "Nikadhani ni jua. Mama Elieth, mbona hukuniambia?"

"Ulinipa bure, mzee. Ningeanzaje?"

Mzee Melkiadi alibeba mafungu yake hadi nyuma ya jiko la shule, akayatia moto mwenyewe.

Mwalimu akatugeukia. "Elieth, namna ulivyomjibu mama yako tutaizungumza. Lakini sikieni nyote: jirani akikosea bila kujua, mwambieni mapema, kwa upole. Mkimfichia kwa kumheshimu, mtalala njaa pamoja naye. Hata mimi nilitaka kulificha jani hili."

Nilimwomba mama msamaha palepale, mbele ya watu. Kuhusu picha, sikumwomba mtu yeyote msamaha.