Nisomee Mtaa

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Bibi alijivuta mpaka kwenye kiti cha dirishani, akajitupia shali mabegani na kusema, "Haya, mke mwenzangu, nisomee mtaa."

Mjukuu wake hakungoja kuombwa mara mbili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Alibandika paji la uso kwenye kioo na kuanza. Muuza mikate anapandisha mlango wake wa chuma. Mfagiaji amegombana tena na paka. Kijana wa baiskeli amebeba maua mengi mpaka haoni mbele, na sijui nani anamwongoza.

"Na wanawake je? Wamevaa nini?" Bibi hakuacha kuuliza hilo hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na kwake mtu aliyepita bila kuelezwa nguo zake ni kama hakupita.

Walikuwa ugenini, mbali na kwao, katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na hospitali ya macho. Jicho la kushoto la Bibi lilikufa zamani. La kulia lilipoanza kufuata nyayo, familia iliamua apelekwe kwa daktari bingwa. Mama hakupata ruhusa kazini, na shule zilikuwa zimefungwa. Basi Chiriku akapewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, yaani kuwa macho ya bibi yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho lilifungwa bandeji, na nesi aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake akamvuta Chiriku pembeni. "Bibi asiiname. Asibebe kitu kizito. Na asilie kabisa, unanielewa? Akilia, mshono utaharibika." Chiriku aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, kila Bibi alipopiga chafya, yeye roho ilimruka.

Kisha ikaja ile asubuhi.

"Haya, nisomee mtaa," alisema Bibi.

Chiriku alibandika uso kwenye kioo, na mdomo wake ukabaki wazi. Mtaani hapakuwa na mtu. Mlango wa muuza mikate ulikuwa umeishia katikati, na nje yake palikuwa na kreti la mikate ambalo hakuna aliyeligusa. Ufagio ulikuwa umelala barabarani, na hatua chache mbele yake kulikuwa na ndala moja. Taa za barabarani ziliwaka kijani, zikawaka nyekundu, zikawaka kijani tena, na hakuna gari lililosimama wala kupita. Hata yule paka alikuwa amekaa katikati ya njia, anajilamba, bila wa kumfukuza.

"Umelala tena?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Nakuletea chai kwanza."

Alitoka mbio. Koridoni milango mingi ilikuwa wazi, na ndani ya vyumba vitanda vilikuwa vimevurugwa. Mbele ya lifti alimkuta yule nesi, aliyekuja kutoka hospitali, amebeba begi, anazungumza haraka haraka na Bwana Spea. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari kutoka nchini kwao, mtu mnene mwenye kicheko cha kutetemesha vikombe. Siku hiyo hakucheka.

"Vita vimezuka mpakani," alimwambia Chiriku. "Vimezuka ghafla, hakuna aliyetegemea. Wenyeji wengi wamekimbia, waliobaki wamejifungia ndani. Uwanja wa ndege umefungwa, na simu za mkononi hazishiki. Mwambie bibi yako, mwanangu, ila mwambie taratibu."

"Daktari ameitwa kwa majeruhi," nesi aliongeza, akimwekea chupa ya dawa mkononi. "Hatakuja kufungua bandeji. Umtie Bibi matone hapo pembeni mwa bandeji, asubuhi na jioni. Na akumbuke, asilie." Akaingia kwenye lifti, na mlango ukajifunga.

Chiriku alisimama pale na chupa yake. Amwambie taratibu? Kuna njia gani ya taratibu ya kumwambia mtu kwamba kuna vita, daktari hayupo, na nyumbani hakufikiki? Bibi angelia. Mshono ungeharibika, na jicho lake la mwisho lingekufa kwa sababu ya mdomo wa Chiriku. Alirudi chumbani na chai iliyomwagikia sahani, akaketi dirishani, akatazama mtaa mtupu.

"Muuza mikate ana wateja wengi leo," alisema. "Mfagiaji anamfukuza paka."

"Mbona sisikii?"

"Dirisha ni zito, Bibi."

"Jana halikuwa zito?" Bibi aliinamisha kichwa upande, akisikiliza. "Na wanawake?"

Chiriku alitafuta kwa macho. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la nguo, na ndani ya kioo chake zilisimama sanamu tatu za kuvalishwa nguo. Hakuwahi kuzitaja, kwani kwa nini ataje sanamu, na watu wa kweli wamejaa tele? Sasa ndizo pekee zilizokuwa na umbo la mtu.

"Wako watatu," alisema. "Mmoja ana gauni la kijani lenye mikunjo kiunoni. Mwingine sketi nyeusi na blauzi ya maua. Wa tatu ana koti refu la kahawia."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama tu."

Bibi alitikisa kichwa polepole, akanywa chai yake.

Mchana simu ya mezani iliita katika chumba cha jirani. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena, na hapakuwa na wa kuipokea. Baadaye lifti ilipanda yenyewe na mlango wake ukafunguka. Chiriku alichungulia koridoni, akaona taa yake ya ndani inawaka na hakuna aliyeshuka. Kwa mbali sana kitu kilinguruma.

"Ni nini hicho?" Bibi aliuliza.

"Mvua inakuja."

"Mvua gani haina harufu?"

Chiriku alijifanya anakunja nguo.

Asubuhi iliyofuata alisoma mtaa tena. Aliwaweka watu mahali pao mmoja mmoja, muuza mikate mlangoni, kijana wa maua kwenye baiskeli, na akawavisha na kuwatembeza. Bibi alitaka kujua kijana yule amebeba maua ya rangi gani, naye akatazama pale pasipo na kitu na kujibu, "Manjano." Kilichomtisha ni kwamba alianza kuwaona. Kila alipogeuza macho kutoka dirishani, alihisi wanaendelea kupita kule chini kimya kimya, wanasubiri awatazame. Watu wa kweli hawakuwahi kumtisha hivyo.

"Na wale wanawake watatu?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wapo."

"Wamevaa nini?"

Chiriku alikuwa amechoka kubuni. "Gauni la kijani. Sketi nyeusi na blauzi ya maua. Koti la kahawia."

Vidole vya Bibi vilikaza kwenye shali. "Vilevile kama jana?"

"Ndiyo... wanayapenda mavazi yao."

Bibi hakucheka. Alirudi kitandani akiupapasa ukuta, akalala amegeukia upande mwingine. Siku nzima hakuomba kusomewa chochote, hata mzaha hakuufanya. Chiriku alimtia matone yake, na akashangaa jinsi mkono wa bibi yake ulivyokuwa baridi.

Alasiri Bwana Spea aligonga mlango. Bibi alikuwa amesinzia, kwa hiyo alinong'ona. "Kesho asubuhi litakuja basi la ubalozi. Linatuchukua sote kutupitisha mpaka wa upande wa pili, wenye usalama. Ni basi hilo moja, na baada ya hapo barabara inafungwa. Bibi akiamka umwambie afungashe."

"Nitamwambia," Chiriku alisema.

Lakini kumwambia habari ya basi kulikuwa ni kumwambia yote. Bibi alipoamka, maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakarudi. Alijiambia atasema baada ya uji. Baada ya uji akajiambia atasema baada ya dawa. Mwisho alifungasha masanduku yote mawili peke yake, akayasukuma chini ya kitanda.

Asubuhi honi ya basi ililia chini, na Bwana Spea akaingia anahema. "Shikamoo, Bibi. Twende, gari limefika."

"Marahaba, baba. Gari gani?"

"Basi la ubalozi! Chiriku hakukwambia? Kuna vita, Bibi. Mji umehama."

Bibi alijiketisha wima kitandani. "Mimi nasubiri daktari anifungue jicho. Vita gani, na watu wanauza mikate hapo chini?"

"Hakuna anayeuza mikate! Hakuna mtu hata mmoja!"

"Bwana wee, mimi sioni, lakini si mjinga. Mjukuu wangu ana macho mazima. Kila siku ananisomea mtaa huu, na hajawahi kunidanganya. Wewe una lako jambo. Mimi sitoki hapa."

Honi ililia tena, ndefu. Bwana Spea alifuta jasho, akamtazama Chiriku. "Dereva hatangoja. Barabara ikifungwa, imefungwa. Sema na bibi yako, mwanangu."

Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Uongo alioujenga ili kumlinda Bibi ndio uliokuwa umemfungia Bibi mlango. Na kilichomuuma zaidi ni lile neno, hajawahi kunidanganya.

Alikwenda dirishani, akazungusha kitasa na kulisukuma wazi. Kimya cha nje kiliingia chumbani chote. Kupitia kimya hicho ilisikika ile ngurumo ya mbali, sasa ikiwa karibu zaidi, na sauti ndogo ya taa za barabarani zikibadilika.

"Bibi," alisema, "sasa nakusomea mtaa. Hakuna mtu. Mlango wa muuza mikate umeishia katikati, na mikate imeota ukungu. Ufagio uko barabarani, na ndala moja. Wale wanawake watatu ni sanamu za dukani. Wengine wote niliwatunga. Bwana Spea anasema kweli, Bibi. Nilikudanganya ili usilie."

Alitegemea kofi, au machozi, ambayo yangekuwa mabaya zaidi. Bibi alitega sikio dirishani. Kisha akashusha pumzi ndefu iliyotoka mbali, akanyoosha mkono.

"Viatu vyangu viko wapi?" alisema. "Wewe baba, kamata masanduku. Chiriku, nishike. Tena haraka!"

Walishuka kwa ngazi, kwa kuwa lifti hawakuiamini tena. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Bwana Spea alimpandisha Bibi kwa kumsukuma kidogo, na Bibi akamwambia kwamba kama angekuwa kijana angemdai mahari kwa kitendo hicho. Abiria walicheka, ingawa macho yao yalikuwa mekundu. Basi liliondoka katikati ya mji mtupu, na paka akasogea pembeni bila haraka.

Walikuwa wametoka nje ya mji Bibi alipozungumza.

"Unajua mimi nilidhani nini siku zile mbili?"

"Hapana, Bibi."

"Unaniambia mtaa umejaa, na mimi sisikii hata mguu wa mtu. Nikasema, macho yamekwenda, sasa na masikio yananiaga. Halafu ukaniletea wale wanawake wenye nguo zilezile. Hapo nikajua akili nayo inanitoka, na jana imeanza kunirudia leo. Nililala pale nikiwaaga moyoni, wewe na mama yako. Niliogopa, Chiriku. Tangu nizaliwe sijaogopa vile."

Chiriku alianza kulia, maana yeye hakukatazwa na nesi.

"Nilitaka kukulinda," alisema.

"Najua. Na vita ningevibeba. Nimezika mume na nimelea watoto kwa sindano, kuzuia machozi najua. Lakini wewe ulinificha jambo lililokuwepo, ukaniacha peke yangu na jambo lisilokuwepo. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, halafu usimwachie mkono. Hayo mawili yanakwenda pamoja." Alimpapasa shavu, akalikuta limelowa. "Sasa pangusa uso. Nisomee njia."

Chiriku alitazama nje. "Kuna moshi kule mlimani, Bibi. Kuna askari kando ya barabara, na wana bunduki. Mmoja ni kijana sana. Anatuashiria tupite."

Bibi alimkaza mkono. "Endelea," alisema, na Chiriku akaendelea hadi mpaka ukabaki nyuma yao.

Bandeji ilifunguliwa nyumbani, katika hospitali ya kawaida, na jicho likaona. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, Bibi alikalia kiti chake cha dirishani na kumwita mjukuu wake.

"Leo zamu yangu, mke mwenzangu. Fumba macho, nikusomee mtaa." Akakohoa kidogo kujipa heshima. "Jirani anapiga mswaki na kuimba, dhambi mbili kwa mpigo. Watoto wanagombania mpira. Na mama yako huyo anafungua geti. Amevaa blauzi niliyomshonea mimi, kifungo cha pili kimekatika, akabandika pini akidhani sitaona."

Chiriku alifumba macho, akasikiliza. Jirani alikuwa anaimba. Mpira uligonga ukuta, mtoto akapiga kelele, na geti likalia kwa bawaba yake mbovu. Kila alichosomewa, alikisikia.