Kidole Kisicho na Rangi

Jumatatu asubuhi, katika chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi, mwanasesere wa mafunzo alikuwa amelala kitandani vilevile alivyoachwa Ijumaa, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia. Yeye hakuna aliyemtaka. Kilichoibiwa ni mashine ya kufuatilia hali ya mgonjwa aliyelazwa usingizi, pamoja na kitoroli chake. Na ndani ya droo ya kitoroli hicho mlikuwa na kichupa cha ketamini, dawa ya kulaza wagonjwa.

"Mashine tutapata nyingine," alisema mwalimu wa somo la dawa za usingizi, mama mwembamba aliyekuwa akizunguka kitanda bila kujua anatafuta nini. "Ketamini ndiyo inayonitoa jasho. Niliiweka pale kwa ajili ya mtihani wa leo. Asiyejua akimdunga mwenzake, huyo mtu anaweza kuacha kupumua na asiwepo wa kumwangalia."

Inspekta aliitikia kwa kichwa huku akisogea mbali na sinia la sindano. Alikuwa mtu wa miraba minne, amewahi kumnyang'anya jambazi panga kwa mikono mitupu, lakini sindano aliiogopa tangu utotoni na hakuona sababu ya kuficha.

Dirisha lilikuwa zima. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo.

"Aliyeingia ana ufunguo," alisema. "Funguo mnazo ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili hukaa kwa Mkuu wa chuo. Ijumaa jioni aliazimwa mwanafunzi mmoja aje kujifua."

"Nani huyo?"

"Wenzake wanamwita King'ora."

Mkuu wa chuo aliingia wakati huohuo, tai imekaa sawa, viatu vinang'aa. Alisema anasikitika sana, kisha akaenda moja kwa moja kwenye hoja.

"Binti huyo alishafeli mtihani wa mashine hiyohiyo, Inspekta. Amekata tamaa. Mchukueni mkamhoji kituoni, na mtihani wa leo mchana asiufanye."

"Ufunguo aliurudisha?"

Mkuu alikohoa. "Sikumbuki kuuona."

Kisha akasema kichwa kinamgonga, akaomba aende nyumbani mara moja akameze dawa yake ya presha. Nyumba yake ilikuwa nje ya uzio, nyuma tu ya madarasa. Inspekta akamruhusu.

King'ora alihojiwa kwenye stoo ya mashuka, maana ndicho chumba pekee kilichokuwa kitupu. Alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Jina hilo umelipataje?"

"Mtihani uliopita, afande. Mashine ilinililia mwanzo mpaka mwisho."

"Ilikulilia kwa nini?"

"Nilimfunga mgonjwa mkanda wa presha na kibanio cha kidole mkono mmoja."

"Ndiyo iwe kosa?"

Binti alitoa mfukoni kibanio kidogo cha mafunzo, akamwomba kidole. Inspekta alikitazama kwanza kama kina ncha, kisha akanyoosha mkono.

"Hiki kinasoma oksijeni kwenye damu inayopita kidoleni. Sasa mkanda ukijaa upepo huku juu, unaubana mkono, damu haifiki. Mashine inadhani mgonjwa anakufa, inapiga kelele. Ukilegea, inanyamaza. Ukibana tena, inalia tena. Mimi nikachanganyikiwa, nikaanza kuhangaika na dawa wakati tatizo lilikuwa mkanda."

"Ni hayo tu ya kukumbuka?"

"Na kucha. Kama ungekuwa umepaka rangi, ningekwambia uifute kwenye kidole hiki."

"Mimi?"

"Ni mfano, afande."

Inspekta alijitahidi asicheke, akashindwa. Alikuwa amehoji waongo wengi maishani, na aliwajua kwa jinsi wanavyokimbilia kujitetea kabla ya kuulizwa. Huyu alikuwa amekazania kidole.

"Ufunguo uliupeleka wapi?"

"Nilimpa Mkuu mkononi, akautia mfukoni. Akaniambia asiyeiweza mashine ile hafai kuwa muuguzi, nitafute kazi nyingine." Alimvua Inspekta kibanio kidoleni. "Hii ni nafasi yangu ya mwisho. Nikiukosa mtihani wa leo, narudi nyumbani moja kwa moja. Mama ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ni nesi."

Inspekta alisimama. Alikuwa na kauli mbili kuhusu ufunguo mmoja, na mojawapo ilikuwa ya uongo.

Nyumbani kwa Mkuu alipokewa na mke wake, mama mchangamfu aliyekuwa kibarazani akishona kifungo cha shati.

"Karibu, baba. Yupo ndani anatafuta dawa. Keti kwanza."

Inspekta aliketi. Sindano ya kushonea haikumtisha, kwa hiyo aliweza kuitazama mikono iliyoishika. Kucha zilipakwa rangi nyekundu, zimepangika vizuri, isipokuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Hicho kilikuwa kitupu.

"Mama, hicho kidole kimekosa nini hata kikanyimwa rangi?"

Mama alicheka, akaweka shati chini. "Muulize mwenye nyumba. Jumamosi nzima amenilaza kochini kama mgonjwa. Kanifuta rangi yangu, kanibana kidole. Halafu kanifunga huku juu, naona mkono unataka kukatika." Alipandisha mkono wa nguo. Juu kidogo ya kiwiko, mkono uleule wa kushoto, ngozi ilikuwa na michirizi ya mkanda.

"Na mashine ikawa inalia?"

"Kila ikinibana, inalia. Naye anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Ikabidi nimwambie mume wangu, kama nakufa niambie nikaage. Wewe umejuaje?"

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. Mkuu alikuwa amesimama kizingitini, tai imelegea.

"Iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Chumbani. Chini ya shuka."

"Ketamini?"

"Kwenye droo. Sikujua kama imo mpaka leo asubuhi. Naapa sijaigusa."

Inspekta aliingia, akafunua shuka, akavuta droo. Kichupa kilikuwapo, kizibo hakijatobolewa. Alivaa glovu, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi. Hakuna mtu ambaye angekufa siku hiyo.

"Haya, nieleze."

Mkuu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mimi nilijifunza kazi hii tukishika mkono wa mgonjwa na kuangalia kifua kikipanda. Mashine hizi zilikuja nikiwa tayari nimekalia kiti cha ofisini. Leo watahini wanatoka nje, wakataka niwaonyeshe mimi mwenyewe mtihani unavyoanza. Niliona haya kumuuliza mwalimu wangu. Nikasema nitajifunza nyumbani, leo alfajiri nairudisha kabla ya mtu kujua."

"Ikawaje?"

"Mwalimu akaniwahi. Nafika getini na mashine kwenye buti, nakuta gari la polisi. Nikageuza."

"Na yule binti?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, kicheko kimemwisha.

"Ijumaa nilimkaripia kwa mashine nisiyoijua mwenyewe," alisema Mkuu. "Leo nikaona jina lake limeshachafuka, likichafuka zaidi kidogo halitaonekana. Hapo ndipo nilipokosa utu."

"Kubeba mashine ya chuo chako ni ujinga," alisema Inspekta. "Kutoa ketamini nje na kumsingizia mtu mbele ya polisi ni kosa la jinai. Maelezo yako nitayapeleka kwa wakubwa wangu jinsi yalivyo. Lakini binti hatasubiri wakubwa. Utalisema hili darasani, wewe mwenyewe, kabla ya mtihani."

Mashine ikarudishwa chumbani, naye akalisema. Alisimama mbele ya wanafunzi na watahini, akaeleza yote mpaka rangi ya kucha ya mke wake. Hakuna aliyecheka. Kisha akamgeukia King'ora, akamwomba radhi kwa sauti ya kusikika, akavua koti na kulala kitandani mahali pa mwanasesere.

Binti alinawa mikono. Alifunga mkanda mkono wa kushoto, akabana kibanio kidole cha mkono wa kulia. Mtahini akamwonyesha kichupa kingine cha aina ileile.

"Ketamini," alisema binti. "Inapandisha presha na mapigo, na mate yanaweza kuongezeka. Kwa hiyo naangalia njia ya hewa, upumuaji, oksijeni na presha. Na simwachi mgonjwa peke yake."

Kisha akashika kifundo cha mkono wa Mkuu, vidole juu ya mshipa.

"Mapigo yanaonekana hapo kwenye kioo," alisema mtahini. "Unatafuta nini tena?"

"Mkuu alitufundisha mwaka wa kwanza. Umeme ukikatika, mgonjwa bado yupo."

Mkuu alifumba macho. Chozi lilimtoka, likateremka kuelekea sikioni, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Inspekta alitazama akiwa mlangoni, upande usio na sindano. Mkanda ulijaa upepo, ukabana, ukalegea. Mashine haikulia.