Ufunguo wa Kapu

"Sindano, uko wapi?"

"Nyuma yake. Simwachi."

"Na gari gani?"

"Gari gani, chef? Tunatembea, yeye na mimi."

Majasusi wa sinema hufukuzana kwa magari. Bujumbura ya siku hizi haina mafuta, kwa hiyo Lubna, Sindano wa redioni, alimfukuza adui kwa raba za miguuni, kwenye jua la mchana, Glock 19 ikiwa kiunoni chini ya dera la maua na kisikilizio cha Motorola kikiwa chini ya ushungi. Adui naye alikuwa anatiririka jasho. Aliitwa Darius, mpeleka mizigo wa kukodiwa, na begani alining'iniza begi jeusi.

Wakaingia mtaa wa Buyenzi.

Nyundo, injini, moshi wa kuchomelea. Kila baraza ni gereji, na kila gereji ina watu wa kusalimia.

"Salam alekum, dada. We ni wa kwa nani?"

Lubna alijibu salamu na kutaja jina la uongo bila kupunguza mwendo. Alikuwa na majina mengi, na hakuna hata moja ambalo mtu angeliita kwa furaha akimwona. Kwingine halikumsumbua jambo hilo. Hapa, ambapo hata mbuzi hujulikana ni wa nani, lilimuuma.

Darius akakata kushoto. Akaingia duka la vipuri. Akapanda ngazi.

Akashuka mikono mitupu.

"Amefikisha," Lubna alinong'ona.

"Muache apite," Pontien, mkuu wake, alijibu sikioni. "Jovithe anamungojea pale kona. We panda."

Vijana wa Jovithe, mwenzake Lubna kazini, walimpokea Darius kwa tabasamu, mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaenda naye. Hakupata hata muda wa kupiga kelele.

Lubna akapanda.

Chumbani kulikuwa na kitanda, feni, na mwanamume mwembamba mwenye miwani, ameketi mbele ya ThinkPad mpya iliyotoka begini sasa hivi. Alikuwa anatabasamu peke yake. Shingoni alivaa uzi, na kwenye uzi kulikuwa na YubiKey, ule ufunguo mdogo unaochomekwa kwenye kompyuta.

Huyu ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Mtandaoni alijificha nyuma ya jina la utani. Jina lake halisi lilikuwa Seifu.

"Usiguse huo ufunguo," Lubna alisema.

Tabasamu likaisha. "We ni nani?"

"Mtu wa serikali. Nani amekuletea hiyo kompyuta?"

"Annick. Ni rafiki yangu, iko Bruxelles, kule Ubelgiji. Ni mutoto wa hapa Buyenzi, mujomba wake alikuwa na gereji. Kila siku tunaandikiana, siku ya Mungu!"

"Umewahi kumwona uso?"

"Dada, mi kazi yangu watu hawaione. Hapa chini wanasema Seifu anacheza tu computer. Annick peke yake anaiona."

Kazi yenyewe iliitwa Kapu. Ni maktaba ya JavaScript, na usidhani ina rafu za vitabu: ni kifurushi kidogo cha msimbo ambacho waandishi wa programu hukichukua bure na kukitia kwenye programu zao. Nyepesi kuliko picha moja ya simu. Ukitaka kutunza habari za wagonjwa, wanafunzi au makasha ya bandarini, Kapu humpa kila mmoja kadi yake, kisha kadi zote hukaa pamoja kwenye kapu moja, zimepangika. Seifu aliianzisha peke yake, akaitunza peke yake, na toleo jipya halikuweza kutoka mpaka kidole chake kiguse ule ufunguo wa shingoni. Kampuni iliyopakua mizigo bandarini iliitumia kila siku, na haikujua kama kuna Seifu duniani.

Lubna alivuta kigoda akaketi.

"Hakuna Annick, Seifu. Sikiliza. Leo zinaingia meli kadhaa kutoka ng'ambo ya ziwa. Mojawapo ina vilipuzi ndani ya makasha ya misumari. Vinatosha kuangusha soko na watu wake wote. Toleo jipya ambalo huyo anayejiita Annick amekuwekea kwenye hiyo kompyuta likitoka, kompyuta za bandari zitalichukua zenyewe, na kadi za makasha yale zitapotea kabla mkaguzi hajaziona. Mkaguzi asipoona kadi, hafungui kasha."

"Muongo!"

"Basi soma mwenyewe."

Seifu akasoma. Mwanzoni alisoma kwa hasira, akiteremsha mistari haraka ili amwaibishe huyu mwanamke. Halafu mkono ukapunguza kasi.

Ukasimama.

"Ameondoa kurudisha," alisema.

"Kurudisha nini?"

"Fundi wa Buyenzi akikubadilishia chuma mu gari, ile ya zamani anaipeleka wapi?"

"Anakupa mkononi," Lubna alijibu bila kufikiri. Nani asiyejua hilo? Plagi iliyokufa, mkanda uliokatika, fundi hukufungia kwenye gazeti akakuwekea juu ya kiti, uone kwa macho yako kwamba hukuibiwa. Akitupa kabla hujaona, hurudi tena kwake, na mtaa mzima utajua kwa nini.

"Bon. Kapu niliiandika vile vile. Kadi ikitolewa, haitupwe. Inarudishwa kwa mwenyewe, aione. Annick alifurahi sana, akasema inamukumbusha mujomba wake. Sasa ona ameandika nini hapa."

Lubna aliinama. Pembeni ya mistari iliyofutwa kulikuwa na maelezo mafupi: *Kilichotolewa ni takataka, nani anakihitaji? Tumekifuta ili Kapu iwe nyepesi.*

"Mutoto wa gereji hawezi kuandika hii," Seifu alisema. "Wallahi hawezi. Hata akikaa Bruxelles mpaka azeeke."

Akavua miwani. Akalia, mwanamume mzima, bila kuficha uso.

Lubna alifundishwa kulenga shabaha gizani na kufungua kufuli kwa waya. Hakufundishwa la kufanya hapa. Aliweka mkono juu ya meza, karibu na mkono wa Seifu, na ukabaki hapo.

Redio ikakwaruza.

"Sindano, meli zimeanza kufunga kamba," Pontien alisema. "Hatujui ni gani. Tukianza kupekua, na hao watu wako na simu, ile yenye mzigo itageuka. Toleo lisipotoka, itageuka pia."

Lubna alimtazama Seifu. "Unaweza kulitoa hilo toleo lao, lakini urudishe kurudisha?"

Seifu alipangusa macho kwa kiganja. Alielewa haraka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na ukali.

"Wao waone limetoka. Na bandari ipewe vyuma vyake mu gazeti."

"Hivyo hivyo."

Akaandika. Vidole vilijua njia. Kisha akachomeka ufunguo, akanyanyua kidole, akakishikilia hewani. Lubna alijua anachokiaga.

Akagusa.

Taa ya kijani ikawaka. Muda si mrefu ujumbe ukaingia: *Bravo Seifu wangu! Nimeona limetoka. Najivunia we.*

"Mjibu," Lubna alisema. "Tunatafuta anakoandikia. Mshikilie hapo."

"Nimuambie nini?"

"Yale ya siku zote."

Seifu akamwandikia kwamba mvua imejaza maji mtaa wa Buterere tena, na kwamba vyura wamehamia kwenye nyumba ya shangazi yake Zubeda na hawalipi kodi. Jibu likaja la mzaha. Seifu akacheka kwa sauti, akasahau kabisa, mpaka alipoinua macho akamwona Lubna. Kicheko kikamfia mdomoni. Akaendelea kuandika.

"Sindano!" Jovithe alikuwa anahema. "Skrini ya bandari imerudisha kadi zilizofutwa! Makasha yote ni ya meli moja, ile ya nyuma. Tumefungua la kwanza. Juu misumari, chini vilipuzi."

"Wafanyakazi wa meli?"

"Wamelala chini, mikono kichwani."

Sauti ya Pontien ikaingia juu yake. "Na Annick tumemupata. Hayuko Bruxelles. Iko Kibenga, villa ya geti la bluu kando ya ziwa. Nimekutafutia Toyota yenye petroli. Usiulize nimeitoa wapi."

Lubna akasimama. Mlangoni aligeuka, akaona Seifu bado anaandika.

Geti la bluu lilikuwa na mlinzi mmoja. Lubna alimwonyesha kitambulisho, kisha Glock, na mlinzi akachagua kwenda kunywa chai. Mlango wa sebule ulikuwa wazi.

"Mikono juu!"

Mwanamume wa makamo aligeuka kutoka kwenye skrini. Mkono wake ulikwenda kwenye bastola ya Makarov iliyokuwa mezani.

Risasi moja.

Makarov ikaruka sakafuni, na mwenyewe akakishika kifundo cha mkono, damu ikipita kati ya vidole. Kwenye droo kulikuwa na pasipoti za nchi mbalimbali. Ile aliyoipenda zaidi, ukitazama ilivyochakaa, ilimwita Xavier.

"Mi niko peke yangu," alisema. "Usipige tena, dada."

Lubna alishtuka. Ilikuwa sauti nyingine, lakini maneno yalikuwa ya Seifu, mwendo wake ule ule, namna ile ile ya kukata sentensi. Mgeni huyu alikuwa amejifunza Kiswahili cha Buyenzi kwa Seifu, siku baada ya siku, mpaka hakikubaki kingine kinywani mwake.

Alimfunga pingu na kumkazia kitambaa kwenye jeraha. Nje, vijana wa Jovithe walikuwa wanafika.

"Muambie Seifu kitu," Xavier alisema. "Kapu ni kazi nzuri sana. Watu wachache wanaweza kuandika vile. Kwa hiyo sikumudanganya."

Wakamchukua.

Sheria ya kazi inasema usimpigie shahidi tena. Lubna alisimama ukingoni mwa ziwa, akatoa Nokia ya kazi, akapiga.

"Imeisha, Seifu. Soko limesalimika."

"Al-hamdulillah. Alikuwa nani?"

"Mwanamume. Amesema Kapu ni kazi nzuri sana, na kwa hilo hakukudanganya."

Upande wa pili feni ilisikika ikizunguka.

"Naweza kumuandikia?" Seifu aliuliza.

"Hapana."

"Na we? We naweza kukuandikia?"

Lubna alitaka kusema ndiyo. Alitaka sana, kiasi kwamba aliogopa sauti yake ingemsaliti. Lakini namba hii ingekufa leo, chumba chake kingekodiwa na mtu mwingine wiki ijayo, na jina alilompa Seifu chumbani lilikuwa… hapana, hakumpa jina lolote. Seifu hakuwa na hata la kuandika juu ya bahasha.

"Sina anwani," alisema.

Akakata. Akatoa laini ya simu, akaivunja vipande viwili kwa meno, akavitupa majini. Kisha akaukaza ushungi na kutembea taratibu kuelekea mjini, akiwapita watu waliokuwa wakirudi makwao, na hakuna aliyegeuka kumtazama.