Jina la Arcade

"Laki mbili nimekulipa, na programu yako haifunguki," Dafrosa, mwenye stoo ya mpunga mtaani Kashaulili, alimfokea rafiki yangu Fredrick.

"Mama, mimi si tapeli. Naiweka upya sasa hivi."

Programu hiyo ya kompyuta ya kuandikia hesabu za magunia aliitengeneza na mwenzake Arcade, wakakubaliana majina yao yote mawili yatokee kila inapofunguliwa. Arcade alipofariki, Fredrick alilifuta jina lake kabla ya kuinakili kwenye flashi, maana kila akiliona alilia.

Siku hiyo stoo kwa Dafrosa, Fredrick alipomaliza kuiweka upya, umeme ukakatika. Stoo isiyo na dirisha ikawa giza totoro, lakini kompyuta ile ya mezani, isiyo na betri, iliendelea kuvuma. Ndani ya mvumo huo akasikia kikohozi kilekile cha Arcade, aliyemuuguza wodini wiki sita.

Kwenye kioo herufi zikajiandika mojamoja: "Fredi, rudisha jina langu."